Kabla Lori Halijafika Namanga

Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha barua fupi: mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie tena nchini, kwa kuwa vipimo vimeonyesha sumukuvu kupita kiasi kinachoruhusiwa. Malori yaliyokuwa njiani yakakwama. Mpakani, Namanga upande mmoja na Busia upande mwingine, wenye mzigo walibaki wakihesabu gharama za dereva, za maegesho na za riba huku mahindi yakipata joto chini ya maturubai. Jumatano ya tarehe 10 zuio likaondolewa, ila kwa masharti: waagizaji wa mahindi wasajiliwe, na kila shehena ije na cheti cha kuthibitisha kuwa aflatoksini, aina mojawapo ya sumukuvu, haizidi sehemu 10 katika bilioni, pamoja na cheti cha uasilia kinachoonyesha mahindi yalilimwa wapi.

Zogo lilikuwa kubwa, na sehemu ya malalamiko ilikuwa ya haki. Hata hivyo, jambo moja halikusemwa vya kutosha. Hiyo 10 haikuwa mpya. Ilikuwa imeandikwa kwa miaka kadhaa katika kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, EAS 2, ambacho nchi za Jumuiya zilikikubali kwa pamoja, Tanzania na Uganda zikiwamo. Mahindi ya Songea na ya Kitale yalikuwa chini ya kipimo kimoja tangu hapo. Kilichobadilika wiki ile ni kwamba mtu aliyesimama mlangoni aliomba karatasi, na wengi hawakuwa nayo.

Makala haya nawaandikia wanaonunua nafaka Kibaigwa na kuivusha mpaka, viongozi wa vyama vya ushirika, na wenye vinu vidogo wanaofunga unga wao katika mifuko ya kilo moja na mbili wakitamani siku moja uuzwe Arusha na Nairobi pia. Ninalotaka kuwaambia ni hili: cheti kinachoombwa mpakani hutengenezwa shambani, juani na ghalani, wiki nyingi kabla ya safari. Maabara husoma tu kile ulichokwisha kukifanya. Anayeanza kukitafuta lori likiwa kwenye foleni ameshachelewa.

Hebu tuanze na swali ambalo wengi huliuliza kwa hasira: viwango hivi vya nini, kama si kusumbua watu? Mnunuzi wa Eldoret hakujui. Hajaliona shamba lako, hajaingia ghalani mwako, na pengine hatakutana nawe maisha yake yote. Akikupa pesa, anaiweka imani yake kwa mtu asiyemfahamu. Zamani imani hiyo ilijengwa kwa undugu, kwa dalali anayezijua pande zote mbili, au kwa kufunga safari na kuchota punje kwa mkono. Biashara ya namna hiyo haiwezi kukua kupita idadi ya watu unaowajua. Kiwango kilichokubaliwa na nchi mbili huondoa mpaka huo: kinasema mahindi ya daraja la kwanza ni yapi, unyevu wake ni kiasi gani, nani anapima na kwa njia ipi. Wewe na mnunuzi mnaweza kuafikiana kwa simu.

Wafanyabiashara wa pwani walilijua tatizo hili vizuri. Frasila ilitumika katika bandari nyingi za Bahari ya Hindi, lakini uzito wake ulitofautiana kutoka bandari hadi bandari, na kwa baadhi ya bidhaa kutoka bidhaa hadi bidhaa. Aliyekubali bei bila kuuliza ni frasila ya wapi alijitafutia hasara. Leo tunalo tatizo lile lile kwa jina la gunia. Kenya bei za mahindi hutajwa kwa gunia la kilo 90, Tanzania wengi husema gunia wakimaanisha kilo 100, na huko vijijini rumbesa bado ipo, lile gunia lililojazwa na kushonewa kilemba juu, ambalo humpunja mkulima kilo nyingi bila malipo. Sheria ya Vipimo inalikataza, na Wakala wa Vipimo hulipiga vita kila msimu. Ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi kuliko yote: acha kabisa kukubaliana bei kwa gunia. Nunua kwa kilo, uza kwa kilo, kwenye mzani uliohakikiwa wenye stika ya mwaka huu. Utashangaa jinsi ugomvi mwingi unavyokwisha hapo hapo.

Ushauri wa pili: tafuta kiwango chenyewe ukisome. Nakutana na watu waliofanya biashara ya mahindi miaka kumi ambao hawajawahi kukishika EAS 2 mkononi; wanajua walichosikia kwa dereva au kwa wakala wa forodha. Nakala inapatikana katika shirika la viwango la nchi yako: TBS Tanzania, KEBS Kenya, UNBS Uganda, RSB Rwanda, BBN Burundi. Si kitabu kinene. Nenda moja kwa moja kwenye jedwali la madaraja, ambamo mahindi hugawanywa katika daraja la 1, la 2 na la 3 kulingana na punje zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu, zilizooza, zilizobadilika rangi, na takataka. Kisha tazama yale yasiyo na daraja. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Aflatoksini zote kwa jumla zisizidi sehemu 10 katika bilioni, na ile ya aina ya B1 pekee isizidi 5. Fumonisini, sumukuvu nyingine, isizidi sehemu 2 katika milioni. Mahindi ya daraja la 3 yanaruhusiwa kuwa na punje mbovu zaidi. Hayaruhusiwi kuwa na sumu zaidi. Tofauti hiyo ikikuingia akilini, utajua ni wapi pesa yako ya kusafisha nafaka iende kwanza.

Na hapa lazima niseme jambo kwa uzito wake, kwa sababu nimesikia watu wakisema sumukuvu ni kisingizio cha Wakenya. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yenye aflatoksini yaliwaua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wake, na karibu watu 20 wakafa. Hawa walikula ugali wa mahindi yao wenyewe. Sumu hii hushambulia ini. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini, na watafiti wameihusisha na udumavu wa watoto. Haina ladha wala harufu, na kupika hakuiondoi, kwa kuwa hustahimili joto la sufuria. Nchi inayokataa mahindi hayo inawalinda watu wake, na ingepaswa kuwalinda hata kama yangetoka wilaya ya jirani. Novemba 2019 KEBS ilizuia sokoni chapa tano za unga wa mahindi uliosagwa Kenya kwenyewe kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla hujaandaa utetezi wako mpakani, andaa nafaka. Mteja wako wa kwanza ni mtoto aliyeko nyumbani kwako.

Kuvu anayeleta sumu hii yumo udongoni. Huingia kwenye muhindi shambani, hasa mvua inapokatika punje zikiwa zinajaa, au bungua wanapotoboa magunzi. Kisha hustawi mahindi yakivunwa na kuachwa na unyevu. Ukame huwezi kuuzuia. Unyevu unaweza. Vuna mapema yanapokauka, usiyaache yakisubiri shambani hadi mvua nyingine. Usiyaanike chini kwenye vumbi. Tandika turubai, au tumia kichanja, na yageuze mara kwa mara. Jioni yafunike yasinywe umande. Wakati wa kupukuchua, usiyapige kwa fimbo ndani ya gunia, maana punje iliyopasuka ni mlango ulio wazi kwa kuvu. Mashine ya kupukuchua, hata ile ndogo ya mkono, inalipa gharama yake. Kisha yapete, uyachambue: toa punje zilizooza, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani, ya kahawia au nyeusi. Kazi hii hudharauliwa kwa sababu hufanywa na akina mama kwa ujira mdogo, lakini kati ya hatua zote ndiyo inayoshusha sumu kwa kiasi kikubwa kwa pesa kidogo, kwani mara nyingi sumu hukusanyika katika punje chache mbovu sana, huku zilizobaki zikiwa salama. Punje zilizotolewa zisirudi jikoni, na wala zisipewe ng'ombe wa maziwa au kuku. Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hutoka kwenye maziwa.

Kuhusu kupima unyevu, wengi wanaijua njia ya chumvi. Chupa kavu, chumvi kavu, mahindi kiasi, unatikisa kwa dakika chache; chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Njia hii ni nzuri ila ina kikomo ambacho wachache hukitaja: hukuonyesha kwamba unyevu umeshuka chini ya takriban asilimia 15. Kiwango kinataka 13.5. Hiyo tofauti ya asilimia moja na nusu ndiyo inayoharibu mzigo katika safari ya siku tatu. Chama cha ushirika chenye wanachama hamsini kinaweza kununua kipima unyevu kimoja cha umeme na kukipa mtu mmoja mwaminifu akisimamie. Ningenunua hicho kabla ya kununua kompyuta ya ofisi.

Ghalani panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, na usichanganye mzigo wa wakulima tofauti kabla ya kuupima. Hili la mwisho nalisisitiza. Wakulima thelathini wakileta mahindi, mmoja wao akiwa na magunia mawili yaliyolowana, ukiyamwaga yote kwenye rundo moja umewatia hasara wote ishirini na tisa. Andika jina la kijiji na tarehe juu ya kila kundi la magunia. Daftari hilo ndilo litakalokusaidia kupata cheti cha uasilia, na ndilo litakaloonyesha tatizo lilianzia wapi ikiwa maabara italeta jibu baya. Kwa mahindi yanayokaa muda mrefu, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huwazuia wadudu bila dawa, mradi nafaka iwe imekauka kabla ya kufungwa. Ukifunga mahindi mabichi humo umeyafungia na unyevu wake.

Sasa tufike kwenye sampuli, jambo ambalo nimeona likiwapotezea watu pesa kuliko kodi yoyote. Aflatoksini haijatawanyika sawasawa ndani ya mzigo. Gunia moja linaweza kuwa safi kabisa na la pembeni yake likawa na sumu mara ishirini ya kiwango. Hata ndani ya gunia, sumu inaweza kujificha katika kona moja. Mtu akichoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye magunia matatu ya mbele, akapeleka maabara kikombe kimoja cha punje, jibu atakalopata ni la kikombe kile. Halisemi lolote la kuaminika juu ya tani thelathini. Ndiyo maana mzigo mmoja unaweza kupata 4 huku nyumbani na 18 mpakani, na kila upande ukadhani mwenzake amedanganya. Kwa kawaida hakuna aliyedanganya. Sehemu kubwa ya tofauti za vipimo vya aflatoksini hutokana na uchukuaji wa sampuli, na mashine ya maabara huchangia kidogo.

Fanya hivi. Choma bambo kwenye magunia mengi iwezekanavyo, ya juu, ya katikati na ya chini ya rundo, na kila mara katika kina tofauti. Ukiweza, chukua sampuli wakati wa kupakia, gunia moja hadi jingine, maana hapo kila gunia linapita mbele yako. Changanya punje zote pamoja ziwe kilo kadhaa, zisagwe zote, ndipo ipimwe sehemu ya unga huo. Sampuli kubwa iliyosagwa vizuri hukupa namba unayoweza kuitegemea. Na usipeleke mzigo uliopata 9 ukidhani umepona. Kipimo kina mwanya wake wa makosa. 9 ya leo inaweza kusomeka 12 kesho kwingine. Mzigo wa nje uwe na nafasi ya kutosha chini ya kiwango, na ule uliokaribia ukingo uurudishe ukachambuliwe tena.

Maabara nayo uichague kwa swali moja: ina ithibati ya kipimo hiki? Ithibati hutolewa na chombo cha nje kinachokagua kama maabara inafuata kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025. Maabara nyingi za Tanzania hupata ithibati kutoka SADCAS iliyoko Botswana, na za Kenya kutoka KENAS. Vyombo hivi vinatambuana kimataifa, kwa hiyo jibu la maabara yenye ithibati lina nguvu hata nje ya nchi kilikofanyika kipimo. Lakini uangalie vizuri: ithibati hutolewa kwa vipimo maalumu. Maabara inaweza kuwa nayo kwa maji na isiwe nayo kwa aflatoksini katika nafaka. Omba kuona orodha. Hakuna ubaya kuuliza. Wenye kazi nzuri huionyesha kwa furaha.

Wenye vinu mna njia yenu, na kwa namna fulani ni nyepesi zaidi. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji iliweka msingi kwamba bidhaa yenye alama ya ubora iliyotolewa na shirika la viwango la nchi mwanachama ikubalike katika nchi nyingine za Jumuiya. Maana yake unga wenye alama ya TBS, uliotengenezwa kwa kiwango cha pamoja EAS 44, hauhitaji kuanza upya kila unapovuka. Kwa Tanzania, mjasiriamali mdogo aanzie shirika la viwanda vidogo, SIDO, apate barua ya utambulisho, kwa sababu serikali imekuwa ikiwabebea wadogo gharama za kuipata alama hiyo katika miaka ya mwanzo. Uliza masharti ya sasa kabla hujalipa chochote. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamia TBS kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwa hiyo mtu akikuambia uanzie kule kwa usajili wa unga, anakupeleka njia ya zamani. Mistari ya msimbo kwenye mfuko, ile inayoanza na 620 kwa Tanzania au 616 kwa Kenya, ni ya kuhesabia bidhaa dukani. Haithibitishi ubora, na usimkubalie mchuuzi wa huduma anayekuambia vinginevyo.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Kiwango peke yake ni makubaliano. Kinakuwa lazima pale sheria ya nchi inapokitaja. Kenya tangu mwaka 2012 inadai unga wa mahindi unaouzwa katika pakiti uongezwe virutubishi, vitamini A, chuma na zinki vikiwamo. Unga wako unaweza kuwa safi, mkavu na wenye alama, na bado ukakwama kwa kukosa virutubishi hivyo. Vivyo hivyo maandishi ya kwenye mfuko: kiwango EAS 38 hueleza yanayotakiwa, jina la bidhaa, uzito halisi, mtengenezaji, tarehe, namba ya toleo, nchi ilikotoka. Kabla ya kuchapa mifuko elfu kumi, piga simu shirika la viwango la nchi unakopeleka na uulize ni kanuni gani za lazima zinazohusu bidhaa yako. Simu hiyo ni rahisi kuliko mifuko.

Nimeulizwa mara nyingi: mimi nikifanya yote hayo na jirani yangu asifanye, nitapata nini? Swali hili lina jibu lake katika Ziwa Victoria. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilikuta salmonela kwenye minofu ya sangara. Mwisho wa mwaka huo Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi wa eneo letu kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ikagundulika kwamba baadhi ya watu wanavua kwa kumwaga sumu ziwani, na soko la Ulaya likafungwa tena. Viwanda vya Mwanza, Kisumu na Jinja vilivyokuwa vimewekeza kwenye usafi vilifungwa pamoja na vichafu, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya hakuwa akimtathmini mwenye kiwanda peke yake; alikuwa anauliza kama nchi ina mamlaka inayojua samaki wanatoka wapi na inayoweza kumzuia mwenye makosa. Majibu yalipopatikana, yaani mialo iliyoboreshwa, wakaguzi waliopewa meno, maabara na kumbukumbu za kila shehena, soko likafunguliwa mwaka 2000. Vivyo hivyo Januari 2013, Ulaya ilipoanza kukagua asilimia 10 ya shehena za maharage machanga na njegere za Kenya kwa sababu ya mabaki ya kiuatilifu, gharama na ucheleweshaji viliwapata wakulima wote, wakiwamo ambao hawakuwahi kuigusa dawa hiyo.

Basi usiifanye kazi hii peke yako. Chama cha ushirika kinaweza kumkatalia mwanachama aliyeleta mahindi yaliyolowana. Mtu binafsi hawezi kumkatalia jirani. Chama kinaweza kulipia sampuli moja kubwa badala ya vikombe thelathini, na kinaweza kumwita mkaguzi aje ghalani mara moja. Na mnapolipa, mlipeni zaidi aliyekausha vizuri. Ikiwa mahindi ya asilimia 13 na ya asilimia 17 yananunuliwa bei moja, kila mkulima ataleta ya 17, maana maji nayo yana uzito.

Haya yote hayamaanishi kila kikwazo mpakani ni cha haki. Viwango hutumiwa pia kulinda soko la ndani, hasa wakati wa mavuno au wa uchaguzi, na mfanyabiashara ana haki ya kulitambua hilo. Mikataba miwili ya Shirika la Biashara Duniani, wa afya ya chakula na mimea na wa vikwazo vya kiufundi, inafanya kazi tangu 1 Januari 1995. Inaipa kila nchi haki ya kulinda afya ya watu wake, na inaidai masharti yake yawe na msingi wa kisayansi, yasibague, na yatangazwe. Jiulize maswali matatu. Sharti hili limeandikwa wapi? Mahindi ya ndani ya nchi hiyo nayo yanapimwa hivyo? Nikipeleka cheti sahihi, mzigo unapita? Yote matatu yakijibiwa vizuri, una kazi ya kufanya ghalani. Yakikosa majibu, una malalamiko ya kupeleka.

Yapeleke kwa mpangilio. Omba uamuzi wa kukataliwa kwa maandishi, wenye tarehe, jina la ofisi na kifungu kilichotumika. Tunza nakala ya cheti cha maabara, cheti cha afya ya mimea, hati ya uasilia na risiti za kila siku lori lilipokaa. Kila nchi ya Jumuiya ina kamati ya taifa ya kufuatilia vikwazo visivyo vya kiforodha, na Jumuiya ilitunga sheria mahsusi ya kuviondoa mwaka 2017. Upo pia mfumo wa kuripoti kwa simu na kwa intaneti unaohudumia kanda za Jumuiya ya Afrika Mashariki, COMESA na SADC. Lalamiko lenye nyaraka hujadiliwa na maofisa wa nchi mbili. Lalamiko la mdomo huishia kwenye kibanda cha chai. Na wewe mwenye mzigo mdogo wa chini ya dola 2,000, kumbuka kuna utaratibu rahisi wa biashara mpakani: ikiwa bidhaa yako imo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa hati fupi ya uasilia pale pale na huhitaji wakala. Lakini utaratibu huo hupunguza makaratasi ya forodha tu. Kipimo cha sumu kiko pale pale.

Weka kiwango ndani ya mkataba. "Mahindi mazuri makavu" si maneno ya mkataba. Andika: mahindi meupe, EAS 2, daraja la ngapi, unyevu usizidi kiasi gani, aflatoksini isizidi kiasi gani, sampuli ichukuliwe wapi na nani, ipimwe maabara ipi, na nani analipa. Sampuli ikishachanganywa igawanywe mara tatu: moja yako, moja ya mnunuzi, ya tatu ifungwe kwa lakiri na kusainiwa na wote wawili, ihifadhiwe mahali pakavu mpaka malipo yakamilike. Jibu la mpakani likigongana na la nyumbani, hiyo ya tatu ndiyo itakayopimwa, na mkubaliane mapema kwamba neno lake ni la mwisho.

Limebaki moja ambalo wadogo hulikwepa. Viwango hivi huandikwa na kamati za wataalamu, na kabla ya kupitishwa rasimu zake hutolewa kwa umma watoe maoni, kwa kawaida kwa siku 60. Wanaojitokeza ni viwanda vikubwa, vyuo na maofisa wa serikali. Mwenye kinu cha Makambako na mnunuzi wa Kibaigwa hawaonekani, kisha kanuni ikianza kutumika wanasema hawakuulizwa. Mfumo wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, wenye viambatanisho vyake kuhusu vikwazo vya kiufundi na afya ya chakula na mimea, utazidisha kazi ya kuoanisha viwango, na wasiokuwepo wataandikiwa. Chama chenu kichague mtu mmoja anayependa kusoma, ajiandikishe katika shirika la viwango apate rasimu za nafaka na unga, azilete kwenye mkutano. Maoni hayahitaji Kiingereza cha chuoni. Taja namba ya kifungu, kinavyosema sasa, mnavyotaka kisemeke, na sababu yake kutoka kwenye ghala lenu: kifaa kinachotajwa kinagharimu kiasi gani, kinapatikana wapi, mmepima magunia mangapi na mkaona nini. Ambatanisha daftari la unyevu la msimu mzima. Kamati inayopima hoja kwa ushahidi italisoma.